Kifurushi kilicho tayari, porti ya kujenga papo hapo, au Poudriere: ipi inakufaa kwenye FreeBSD?

Ukishamaliza kusimika FreeBSD, mfumo endeshi wa familia ya Unix, kazi inayofuata ni kutafuta programu zako: kihariri, seva ya wavuti, kivinjari, chochote kilichokuleta. Hapo utakuta njia tatu. Unaweza kuandika `pkg install` ukashushiwa kifurushi kilichojengwa tayari kwenye seva za mradi. Unaweza kuingia `/usr/ports`, ukachagua porti (maelekezo ya kujenga programu moja) na kuijenga kutoka msimbo wa chanzo papo hapo kwenye mashine yako. Au unaweza kusimika Poudriere, zana ya kujengea vifurushi, ukajenga vifurushi vyako ndani ya jela safi (eneo lililotengwa na mfumo wako), halafu mashine yako ikavichukua kwa `pkg` ileile kana kwamba vimetoka kwenye mradi.

Nimeishi na zote tatu kwa miaka mingi. Watu wengi wanaoniuliza wachague ipi huanza na kasi: ipi itafanya programu ziende mbio zaidi? Mimi huwarudishia swali jingine. Vifurushi vyote vya mashine hii vitatoka kwenye tawi lipi, yaani toleo lipi la mkusanyiko wa porti, na vitajengwa pamoja na vipi? Ukishajibu hilo, njia inajionyesha yenyewe. Usipolijibu, utachukua kidogo huku na kidogo kule, na siku moja programu iliyokuwa ikifanya kazi jana itagoma kuanza.

Zote zinatoka chungu kimoja

Porti ni folda ndogo tu. Ukifungua `/usr/ports/multimedia/ffmpeg` hutakuta msimbo wa ffmpeg, programu ya kushughulikia video na sauti, humo. Utakuta `Makefile` inayoeleza msimbo unashushwa kutoka wapi, unahitaji vitegemezi gani na una machaguo gani. Utakuta `distinfo` yenye ukubwa na alama ya SHA256 ya kila faili litakaloshushwa, ili likibadilishwa hata herufi moja njiani ujenzi usimame. Kuna orodha ya mafaili yatakayowekwa kwenye mfumo, na mara nyingi kuna folda ya viraka vinavyoufanya msimbo ulioandikwa kwa kuifikiria Linux ukubali kukompailiwa (kugeuzwa kuwa programu inayokimbia) hapa. Mfumo huu ulianza mwaka 1994 na leo una porti zaidi ya 30,000. Ni kazi ya watu wengi waliokaa na hitilafu moja moja mpaka zikaisha, na kila ninaposoma viraka hivyo nawaheshimu zaidi.

Vifurushi rasmi hujengwa kutoka mkusanyiko huohuo wa porti, uitwao mti, tena kwa Poudriere hiyohiyo unayoweza kuisimika nyumbani. Kwa hiyo kifurushi na porti ni kitu kimoja. Tofauti iko kwa aliyekijenga, mahali alipokijengea, machaguo aliyoyaweka na tawi alilolitumia.

Tawi ndilo linalosahaulika. Mti una tawi kuu linalosogea kila siku, na kila mwanzo wa robo ya mwaka, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba, hukatwa tawi lenye jina kama `2025Q1`. Tawi la robo hupokea marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa. Matoleo mapya ya programu kwa kawaida hubaki kwenye tawi kuu mpaka robo ifuatayo. FreeBSD ya toleo la kawaida, ikishasimikwa, huchukua vifurushi vya robo. Lakini ukishusha mti wa porti kwa `git clone` bila kutaja tawi, unapata tawi kuu. Yaani ukifuata mipangilio ya kawaida upande wa `pkg`, na ya kawaida upande wa porti, tayari umekanyaga matawi mawili bila kuambiwa na yeyote.

(Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokwambia utumie `portsnap`, yaache. Porti zilihamia Git mwaka 2021, na `portsnap` ikaondolewa kwenye mfumo kuanzia 14.0.)

Kifurushi kilicho tayari

Kwa wengi hii ndiyo njia ya kushika, na nasema hivyo nikiwa mtu anayependa kukompaili. Kazi ya saa tano inakuwa ya dakika mbili. Hazina ya vifurushi imetiwa saini, na alama za kuihakiki huja na mfumo wenyewe. Kila kilichomo kimejengwa kwa pamoja, kutoka hali moja ya mti, kwa hiyo maktaba na programu zinazoitegemea zinajuana. Ukiandika `pkg audit -F` unaambiwa ni kipi kati ya ulivyonavyo kina tundu la usalama linalojulikana.

Kinachokosekana ni sauti yako katika machaguo. Mtunzaji wa porti ameshaamua lipi liwashwe na lipi lizimwe, na ameamua kwa kuwafikiria watu wote. Kabla ya kulalamika, angalia ameamua nini. Amri hii huonyesha machaguo ya kifurushi kilichoko kwenye hazina hata kama hujakisimika:

`pkg rquery '%Ok %Ov' ffmpeg`

Utapata orodha ndefu, kila mstari una jina la chaguo na neno `on` au `off`. Ishuke taratibu mpaka `FDK_AAC`. Imezimwa. Sababu yake ni leseni: maktaba ya fdk-aac, ya kusimba sauti, ikiunganishwa na sehemu za ffmpeg zilizo chini ya leseni ya GPL, matokeo yake hayaruhusiwi kusambazwa kama kifurushi. Hakuna kungoja kutakakoliondoa hilo. Anayeihitaji hiyo lazima ajenge mwenyewe, na hii ni moja ya sababu chache ambazo siwezi kubishana nazo.

Sababu nyingi nyingine huyeyuka ukizitazama kwa karibu. Mtu aliniambia anajenga Emacs kutoka porti kwa sababu hataki kuvuta maktaba zote za madirisha kwenye seva yake. Nikamwomba aandike `pkg search emacs`. Kulikuwa na `emacs-nox`, kifurushi cha porti ileile kilichojengwa bila madirisha. Tangu mwishoni mwa 2017 porti moja inaweza kutoa vifurushi kadhaa vya namna tofauti, na wengi hawajui kwamba walichokuwa wakikikompaili kwa nusu saa kimekuwapo siku zote.

Njia hii ina kero yake pia, na si ndogo. Vifurushi hujengwa kwa mafungu, na katika fungu moja baadhi ya porti hushindwa kujengwa. Kilichoshindwa hakiwekwi kwenye hazina. Basi unaandika `pkg upgrade`, na katikati ya orodha ya vitu vya kusasishwa kuna sehemu inayosema baadhi vitaondolewa, na kivinjari chako ni kimojawapo. Asiyesoma anabonyeza `y`. Soma orodha hiyo kila mara, jibu `n`, ungoje siku chache. Fungu linalofuata mara nyingi huja nacho.

Moduli za kerneli, yaani za kiini cha mfumo, ni jambo la pekee. Vifurushi vya familia moja ya matoleo hujengwa kwa kutumia toleo dogo la zamani kuliko yote yanayoendelea kutunzwa. Programu za kawaida hazioni tofauti. Moduli kama `drm-kmod`, inayoendesha kadi ya picha, inaweza kugoma au kuiangusha mashine ukishapanda toleo dogo jipya. Mradi umeshaanza kutoa hazina ya pekee ya moduli za kerneli kuziba pengo hili. Hata hivyo kama skrini yako inategemea moduli hiyo, weka msimbo wa mfumo ndani ya `/usr/src` na ujue jinsi ya kuijenga porti hiyo moja. Ni ujuzi utakaokufaa usiku usiotarajia.

Kujenga porti papo hapo

Hii ndiyo njia iliyonifundisha FreeBSD, kwa hiyo naizungumzia kwa upendo. Unaingia kwenye folda, unaandika `make config`, kinatokea kisanduku cha bluu chenye mistari ya machaguo, unawasha na kuzima kwa kibonyezo cha nafasi. Kisha `make install clean`. Unaona msimbo ukishushwa, ukihakikiwa, ukifunguliwa, ukitiwa viraka, ukisanidiwa, na mwisho mistari ya kompaila ikipita moja baada ya nyingine. Anayetaka kuelewa programu inavyotoka kwenye msimbo hadi kuwa kitu kinachokimbia hana shule nzuri kuliko hii. Unaweza hata kusimama katikati: `make extract`, kisha `make patch`, uangalie folda ya `work` ilivyo katika kila hatua.

Kama njia ya kuendeshea mashine unayoitegemea, hata hivyo, ina mitego mitatu, na yote nimeingia.

Wa kwanza ni vitegemezi. Porti ikihitaji vingine kumi na viwili, navyo hujengwa kutoka chanzo, na kila kimoja kinaweza kuleta kisanduku chake cha bluu. Unaanzisha ujenzi jioni, unalala, unaamka kukuta kisanduku kimesimama kinakungoja tangu dakika ya kumi. Dawa ni kuandika `make config-recursive` kwanza, na kuirudia mpaka isilete kisanduku kipya, maana chaguo ulilowasha linaweza kuongeza kitegemezi kisichokuwapo mwanzoni. Kisha `make install-missing-packages` huleta vitegemezi kwa njia ya vifurushi, ubaki kujenga ile moja tu uliyoitaka. Hii ya pili ingeniokolea wikiendi nyingi kama ningeijua mapema.

Wa pili ni uchafu wa mazingira. Programu nyingi, zinaposanidiwa, huchungulia mfumo kuona maktaba gani zipo na kuzitumia zikizikuta. Porti nzuri huzuia hilo, ila si zote. Basi unajenga programu siku ambayo maktaba fulani ipo kwa sababu nyingine kabisa, programu inaing'ang'ania kimyakimya, na `pkg` haina habari na uhusiano huo. Miezi miwili baadaye `pkg autoremove` inasafisha maktaba isiyodaiwa na mtu. Programu haifunguki tena, inalalamika haioni faili la `.so`, nawe hukumbuki ulifanya nini miezi miwili iliyopita.

Wa tatu ni ule wa matawi, na ndio mbaya kuliko yote. Nilikuwa na seva ya vifurushi vya robo. Nikataka nyongeza moja ya PHP kwa chaguo langu, nikaijenga kutoka mti wa tawi kuu. Ujenzi ulivuta toleo jipya zaidi la ICU (maktaba ya maandishi ya lugha mbalimbali) na kuliweka juu ya lile la zamani. Nyongeza yangu ilifanya kazi. Nilipowasha seva upya, programu nyingine tatu hazikuinuka: zilikuwa zimeunganishwa na `libicui18n.so` yenye nambari ya zamani, na nambari hiyo haikuwepo tena diskini. Hakuna kilichoharibika hata kimoja. Kila kifurushi kilikuwa kizima peke yake. Havikuwa vimejengwa pamoja, basi.

Kwa hiyo ukiamua kuchukua njia hii kwa porti moja au mbili, linganisha tawi kabla ya jambo lolote. Angalia mashine yako iko robo gani, kisha:

`git clone --depth 1 -b 2025Q1 https://git.FreeBSD.org/ports.git /usr/ports`

ukiweka jina la robo yako mahali pa hiyo niliyoandika. Robo ikibadilika, nawe badilisha tawi.

Baada ya kusimika kuna jambo moja zaidi. Siku utakapoandika `pkg upgrade`, `pkg` italinganisha machaguo ya kifurushi chako na yale ya hazini, itaona hayafanani, na itapendekeza kukisimika upya, ikiandika kando yake `options changed`. Ukikubali, kazi yako yote inafutwa na kifurushi cha kawaida kinarudi. Unaweza kukizuia kwa `pkg lock ffmpeg`. Ila kufuli hilo ni deni: kifurushi kilichofungwa hakipati hata marekebisho ya usalama, mpaka wewe mwenyewe ukumbuke kukifungua, kukijenga upya na kukifunga tena. Ukiwa nacho kimoja, utakumbuka. Ukiwa navyo sita, hutakumbuka.

Kuna zana kama `portmaster` zinazosasisha porti zote kwa zamu. Nimezitumia, na kwa mashine ya kujifunzia hazina neno. Lakini husasisha juu ya mfumo ulio hai: kitu cha zamani huondolewa, kipya huwekwa, na kimoja kikishindwa katikati unabaki na nusu ya mfumo mpya na nusu ya zamani mpaka utatue. Anayekwenda njia hii asome `/usr/ports/UPDATING` kabla ya kila sasisho, bila kuruka siku.

Poudriere

Jina ni la Kifaransa, maana yake ghala la baruti. Kazi yake ni kujenga vifurushi mbali na mfumo unaoutumia. Kwa kila kifurushi hufungua jela, yaani FreeBSD safi isiyo na kitu cha ziada, huweka ndani yake vitegemezi vilivyoandikwa kwenye porti na hivyo tu, hujenga, huchukua kifurushi, na kulifuta jela. Mtandao hukatwa baada ya hatua ya kushusha msimbo, hivyo programu haiwezi kuvuta kitu kisichohakikiwa katikati ya ujenzi. Mtego wa pili niliousimulia hauna pa kutokea hapa: maktaba ambayo haikutajwa haipo ya kuchunguliwa.

Watu huiogopa kwa kudhani ni ya wenye seva kumi. Kuanza ni amri mbili na faili moja:

`poudriere jail -c -j kuminne -v 14.2-RELEASE`

`poudriere ports -c -p robo -B 2025Q1`

Ya kwanza inatengeneza jela, ya pili inashusha mti wa porti wa robo unayoitaka. Weka jina la toleo na la robo yanayolingana na mashine yako. Kisha unaandika orodha ya porti unazozitaka kwenye faili, moja kwa mstari, kwa mfano `multimedia/ffmpeg`. Machaguo unaweza kuyaweka kwa visanduku vya bluu kupitia `poudriere options`, lakini mimi napendelea kuyaandika kwenye `/usr/local/etc/poudriere.d/make.conf`:

`multimedia_ffmpeg_SET= FDK_AAC`

`OPTIONS_UNSET= X11 DOCS EXAMPLES`

Mstari wa kwanza unagusa porti moja, wa pili unagusa zote. Faida ya kuandika ni kwamba mwakani utaweza kusoma ulichoamua. Visanduku vya bluu huacha majibu yao yametawanyika kwenye folda kadhaa, na kuyakusanya ni taabu.

Mwisho unajenga:

`poudriere bulk -j kuminne -p robo -f orodha.txt`

Kikishindwa kimoja, vinavyokitegemea vinarukwa na vingine vinaendelea. Kumbukumbu ya kila ujenzi inabaki kwenye faili lake uisome kwa utulivu. Na hili ndilo ninalolithamini kuliko yote: ujenzi ukishindwa, mashine yako haijaguswa. Programu za jana bado zinaendelea kama kawaida.

Vifurushi ukishavipata, unaandika faili dogo ndani ya `/usr/local/etc/pkg/repos/` linaloielekeza `pkg` kwenye folda ya Poudriere, ukiipa hazina hiyo kipaumbele kikubwa kuliko ile rasmi. Kwa kuwa zote mbili ziko robo moja, vifurushi vyako sita vinatoka kwako na mia mbili vilivyobaki vinatoka kwenye mradi, na ICU ni ileile. Hakuna kufuli, hakuna kukumbuka.

Gharama ipo, na sitaki kuificha. Diski: jela, mti wa porti na vifurushi hula gigabaiti kadhaa, na ZFS, mmoja wa mifumo ya mafaili ya FreeBSD, inasaidia sana kwa kuwa jela jipya hutengenezwa kwa kunakili taswira papo hapo (kwenye UFS, mfumo mwingine wa mafaili, inawezekana pia, kwa `NO_ZFS=yes`, ila polepole). RAM: mimi huhesabu gigabaiti 2 kwa kila kazi ya kompaila inayokimbia kwa wakati mmoja, na kwa programu kubwa kama LLVM, Rust au Chromium huongeza. Kwenye mashine ya kori 8 na RAM ya gigabaiti 8, usiache Poudriere ifungue wajenzi 8. Weka `PARALLEL_JOBS=3`, na ikiwa RAM bado ni finyu punguza `USE_TMPFS`, maana folda za ujenzi zikiwekwa kwenye RAM hushindana na kompaila yenyewe. Dalili ya kukosea hapa inapotosha: ujenzi unakufa bila kosa lolote kwenye msimbo, kwa sababu kerneli imeiua kompaila ili ipate kumbukumbu. Nimewahi kumwandikia mtunzaji wa porti kuhusu hitilafu iliyokuwa ni RAM yangu tu.

Muda ndio uliokuwa ukiwakimbiza watu. Unataka kifurushi kidogo, lakini njiani kuna Rust na LLVM, saa zinakwenda. Siku hizi Poudriere inaweza kuchukua vitegemezi vilivyo tayari kutoka kwenye mradi pale ambapo toleo na machaguo yanalingana na unachotaka kujenga. Ongeza `-b quarterly` kwenye amri ya `bulk`, na kwa kawaida hutaikompaili tena LLVM. Tahadhari ni moja: ule mstari wa `OPTIONS_UNSET` unaogusa kila porti hufanya machaguo yako yasilingane na ya mradi, na hapo Poudriere inalazimika kujenga mwenyewe. Ukiitegemea `-b`, badilisha porti chache kwa majina yake na uache zilizobaki zilivyo.

Na ile kasi?

Kuna wanaojenga kutoka chanzo ili waandike `CPUTYPE?=native` na programu zikolee kwenye prosesa yao. Nimejaribu. Programu nzito zinazonufaika na maelekezo maalumu ya prosesa, kama ffmpeg na OpenSSL, tayari zina msimbo wa namna kadhaa ndani yake na huchagua zinapoanza, kulingana na prosesa zilizoikuta. Kifurushi rasmi kinafanya hivyo pia. Kwa programu nyingine tofauti haikuwa kitu nilichoweza kukihisi. Nilichokihisi ni siku niliyobeba vifurushi hivyo kwenye mashine ya zamani zaidi: vilikufa mara tu vinapoanza, kwa kuwa vilitumia maelekezo ambayo prosesa ile haiyajui. Kasi si sababu ya kuchagua baina ya njia hizi.

Ningekuwa wewe

Una kompyuta ya kazi za kila siku, kivinjari, ofisi, muziki: shika vifurushi. Ukitaka matoleo mapya haraka, hamisha hazina yote kutoka robo kwenda tawi kuu, uyaache yote yahamie kwa pamoja. Usihamishe kimoja.

Una programu moja tu isiyopatikana kama unavyoitaka, na mashine si ya watu wengine kuitegemea: porti papo hapo, tawi la robo, `install-missing-packages`, kufuli moja. Andika mahali fulani kwamba umefunga.

Zikifika tatu, au mashine ikiwa mbili, au wapo watu watakaokupigia simu ikizimika, simika Poudriere bila kuahirisha. Jioni moja ya kujifunza inatosha kwa mambo ya msingi. Naiambia hata timu ndogo ya watu wawili, kwa sababu machaguo yao yakiwa kwenye faili moja, mmoja akiwa safarini mwenzake anajua kilichojengwa na kwa nini.

Unatunza porti au unataka kuchangia kiraka: Poudriere tena, na hapa sioni njia mbadala. `poudriere testport` hujenga porti yako kwenye jela safi na kukuonyesha vitegemezi ulivyosahau kuvitaja, vitu ambavyo kwenye mashine yako vipo tayari na hivyo hungeviona kamwe.

Na kama mashine ni bodi ndogo ya ARM yenye RAM ya gigabaiti 1 au 2, usiitese kwa kukompaili. arm64 imekuwa katika daraja la kwanza la FreeBSD tangu 13.0 ya mwaka 2021, na vifurushi vyake vipo. Ukilazimika kujenga, jenga kwenye mashine kubwa. Poudriere inaweza kujenga vya arm64 juu ya amd64 (prosesa za Intel na AMD) kwa msaada wa QEMU, inayoigiza prosesa nyingine, taratibu lakini inafika.

Kama umeshachanganya

Wengi watakaosoma haya tayari wana mashine iliyochanganyika. Kujua ni rahisi:

`pkg query '%R %o' | grep unknown`

Kila kinachotokea hapo kilisimikwa bila kupitia hazina yoyote, yaani kwa kawaida kilijengwa papo hapo. Nakili orodha hiyo, kisha nakili na ile ya `pkg prime-list`, inayotaja vitu ulivyoviomba mwenyewe bila vitegemezi vyake. Kama uko kwenye ZFS, andika `bectl create kabla` ili uwe na pa kurudi. Fungua makufuli yote kwa `pkg unlock -a`. Amua ni vipi kati ya vilivyoorodheshwa bado unavihitaji kwa machaguo yako, vijenge kwa Poudriere kwenye tawi la hazina yako, kisha `pkg upgrade -f` isimike kila kitu upya. Baadhi vitashushwa toleo. Ndivyo inavyotakiwa, vinarudi kwenye tawi la wenzao. Washa mashine upya, rudia ile amri ya kwanza, na safari hii `grep` isirudishe mstari wowote.